Neno Moja la Mkalimani Bentsil

Nkwanta,
6 Februari 1978

Mwalimu wangu,

Natumaini u mzima na vumbi la harmatani, upepo huu wa jangwani, limekusamehe koo. Huku kwetu msituni limetufuata mpaka kwenye supu. Salamu zimekwisha, sasa nianze ugomvi.

Nina mteja anaitwa Eno Pokuaa. Ni mjane, mikono yake imekuwa migumu kwa panga na maganda ya kakao. Mumewe, Opanyin Badu, alimpa shamba la kakao akiwa hai na akili zake timamu, shamba ambalo walilifyeka pamoja tangu lilipokuwa pori. Mzee alifariki mwaka juzi. Mpwa wake, Sarpong, ndiye mrithi, na juu ya hilo sina neno. Kwetu mali humfuata mtoto wa dada, si mke wala mwana. Lakini Sarpong anataka na lile shamba. Anasema halikutolewa kamwe, ni mali ya ukoo, na mama afungashe virago. Eno hana shamba jingine, na hata nyumba anayolala imo humo humo shambani.

Nilidhani kesi ni nyepesi. Katika maelezo yake ya mwanzo, yale aliyoandikisha kwa karani kabla hajanijua mimi, Eno alisema: "Mume wangu alinipa shamba, nikamshukuru." Basi. Nikaketi nikijua nimeshinda. Hapo akasimama wakili wa Sarpong, na wakili mwenyewe ni nani? Ni Ekow Pobee wako, yule aliyekuwa akila karanga darasani na kuficha maganda kwenye droo yako. Mkononi ana kitabu cha kijani. Nilikitambua kabla hajakifungua. Hukumu za Mahakama ya Mzunguko, juzuu ya pili, mkusanyaji na mhariri ni wewe.

Akasoma kesi ya 1924, iliyosikilizwa hapa hapa Nkwanta. Mwanamke kapewa ardhi na mumewe, kaja mahakamani kasema "nilimshukuru", na jaji Mwingereza akaandika: "Shukrani ni adabu njema, na adabu njema haihamishi ardhi." Mama akanyang'anywa. Pobee akafunga kitabu, akaketi, akanikonyeza.

Mwalimu! Mwanamke wa huku akisema amemshukuru mtu kwa shamba, maana yake amepeleka kinywaji, amepeleka kondoo, wazee wa pande zote mbili wamekunywa na kushuhudia, na zawadi hairudi tena. Hiyo ndiyo aseda, hata mtoto anayechunga kuku anaijua. Mkalimani akaitafsiri "nilimshukuru", kama mtu aliyesogezewa chumvi mezani! Nimelitafuta jina lake mwisho wa kesi: J. K. Bentsil. Simjui alikuwa nani, ila kichwa chake kilikuwa kibuyu kitupu. Mfante, bila shaka. Nyinyi watu wa pwani hata ndoto mnaota kwa Kiingereza.

Najua toleo jipya la kitabu liko kwa mpiga chapa. Naomba jambo moja tu. Palipoandikwa "nilimshukuru", weka "nilimtolea aseda, kondoo na kinywaji mbele ya mashahidi". Kesi inarudi katikati ya Machi. Nikiwa na toleo jipya mkononi, Pobee atameza karanga na maganda yake.

Mwanafunzi wako mtukutu,
Kwabena Ntiamoah


Cape Coast,
15 Februari 1978

Bwana Ntiamoah,

Barua yako imefika.

Hukumu zile nilizikusanya kwa miaka mingi nikizunguka mahakama hadi mahakama, likizo baada ya likizo, wakati wenzangu wakienda kupunga upepo. Nilizikuta kwenye stoo zinazovuja, zimeliwa na mchwa. Mji mmoja nilikuta mwuza dokono, yale madonge ya unga wa mahindi, akiyafungia kwa kumbukumbu za mahakama, nikanunua beseni zima ili nipate karatasi. Nilikula kesi ya mipaka kwa samaki wa kukaanga. Sikufanya hayo ili siku moja mwanafunzi wangu aniombe nibadilishe maneno ya watu waliokufa kwa sababu hayampendezi.

Mimi huchapisha kilichosemwa na kilichoandikwa. Nikianza kuwasahihisha marehemu, kesho utakuja na neno jingine, kesho kutwa Pobee naye ataleta lake, na kitabu kitakuwa ubao wa kijiwe. Neno litabaki lilivyo. Wewe umefundishwa sheria, basi tumia sheria.

Na kuhusu kibuyu. Kabla hujakipiga teke, uliza kwanza ni cha nani.

E. Otuwa Dadzie


Cape Coast,
15 Februari 1978

Dada Aba,

Sukari uliyonitumia imefika, Mungu akubariki, maana hapa Cape Coast kwa kalabule hii, ulanguzi kila kona, sukari inauzwa kama dawa. Goti lako vipi? Usiniambie umepona kama hujapona.

Nina uchungu, Dada, na sina wa kumwambia ila wewe. Unakumbuka Kwabena, yule kijana mrefu wa Nkwanta aliyekuja kunisaidia kuhamisha vitabu, akakwambia fufu yako ni nyepesi ukamfukuza jikoni? Ameniandikia. Ana kesi ya mjane anayetaka kunyang'anywa shamba, na kinachomnyang'anya ni kitabu changu. Humo kuna hukumu ya 1924, mwanamke alishindwa kwa sababu ya neno moja la mkalimani. Na mkalimani ni Baba. Kijana hajui. Mimi ananijua kwa jina la marehemu mume wangu, hakuwahi kusikia jina la Bentsil. Amemwita Baba kibuyu kitupu.

Nimemjibu kwa ukali, nikajificha nyuma ya kanuni. Kanuni ni ya kweli, kumbukumbu ya mahakama haiguswi. Lakini sikuwa mkali kwa sababu ya kanuni. Unajua kitabu cha historia ya mahakama ninachokiandika, na sura ya nne umeisoma mwenyewe, ukalia. Nimeiita "Sauti ya Mahakama". Ni Baba mtupu: amevaa koti lake jeusi, anakwenda na majaji mji hadi mji, Mwingereza haelewi na mwananchi haelewi, na katikati yao yeye peke yake. Ndiye aliyenifanya niipende sheria. Sasa nafungua ukurasa ule wa 1924 naona mama mmoja amefukuzwa kwenye ardhi yake, na neno lililomfukuza limetoka kinywani mwa Baba. Sura ya nne iko mezani, siwezi kuigusa.

Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Otuwa


Sekondi,
27 Februari 1978

Otuwa mdogo wangu,

Goti halijapona. Umefurahi?

Usifanye lolote. Wewe siku zote umekuwa hivyo, unafukua fukua, halafu unashangaa kukuta mifupa. Nani alikutuma kuchapisha kesi ile? Ungeiacha ikafungia dokono. Baba alisimama mahakamani miaka yote ile na hakuna mtu hata mmoja, si Mzungu si chifu, aliyewahi kusema Bentsil amekosea. Alizikwa na bendi. Majaji walivua kofia. Leo mtoto wa msituni asiyejua hata fufu inavyotakiwa kuwa anamwita kibuyu, na wewe unaniuliza ufanye nini? Mchome na hiyo barua yake.

Tena unamjua Baba alivyokuwa. Ulipokuwa mdogo ukimwuliza, "Baba, neno fulani maana yake nini?" alikuwa akijibu, "Maana yake ni hilo hilo." Mimi nilikuwa nacheka, wewe ulikuwa ukinuna. Hakuwa mtu wa kueleza. Alisema neno, akanyamaza.

Huyo mjane Mungu atamsaidia. Ila ukimpeleka Baba kizimbani, Otuwa, usinitafute. Nasema kweli. Mimi ndiye niliyemfumba macho, si wewe, wewe ulikuwa London na vitabu vyako.

Dada yako,
Aba


Nkwanta,
16 Machi 1978

Mwalimu,

Sijui nilikukosea nini. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta, na ninachokiona ni "Bwana Ntiamoah" tu. Tangu lini mimi ni Bwana? Nisamehe kwanza, kosa utaniambia baadaye.

Kesi iliitwa juzi. Eno Pokuaa alipanda kizimbani na kitambaa chake cheusi cha ujane, amejifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kuvuna. Nikamwuliza, akaeleza yote: chupa mbili za pombe kali alizompelekea mumewe, kondoo dume mweupe, dada wa marehemu aliyepokea kwa niaba ya ukoo, nani alikunywa wa kwanza na nani alilewa. Nikasema asante Mungu. Akasimama Pobee.

"Mama, hayo ya kondoo uliyasema kwa karani?"

"Nilimwambia karani nilimshukuru."

"Kondoo ulimtaja?"

"Nilisema nilimshukuru."

"Hukumtaja! Kondoo kaja leo. Kaja baada ya kupata wakili. Na mashahidi wako, huyo dada wa marehemu, wazee waliokunywa, wako wapi?"

"Wamekufa."

"Wote?"

"Sisi ni wazee, mwanangu. Unataka tufe lini?"

Watu walicheka, hata karani. Lakini Pobee hakucheka. Akainua kitabu chako, akamwambia neno lake ni lile lile la mwanamke wa 1924, na mahakama hii ilikwisha kusema neno hilo ni adabu tu, maneno matupu hayavunji mfupa. Hapo Eno akakasirika. Nakuandikia alivyosema, niliyaandika pale pale kwa kuwa nilijua utayataka:

"Wewe mtoto, mimi nikikwambia niliolewa, utaniuliza kama kulikuwa na mwanamume? Nimesema nilimshukuru! Kushukuru bila kondoo ndiyo nini hiyo? Ndivyo mnavyoshukuru nyinyi huko pwani?"

Jaji alitabasamu, lakini tabasamu halimsaidii mtu. Ametuambia hivi: "Mimi kama mtu najua mama anasema nini. Mimi kama mahakama sijui mpaka niambiwe. Mbele yangu kuna hukumu inayosema neno hili ni adabu. Nileteeni mtu mwenye elimu ya kumbukumbu zile anionyeshe kwamba neno hilo lilikuwa na maana nyingine, au nifuate kitabu." Ametupa mpaka tarehe kumi na moja ya Aprili.

Mwenye elimu ya kumbukumbu zile ni mmoja tu nchi nzima, na amekwisha kunijibu. Kwa hiyo nitasimama mwenyewe na kusema mkalimani alikosea na kitabu cha Mwalimu wangu kimebeba kosa lake. Nitasema hadharani. Nimeona nikwambie kabla, usije ukalisikia kwa watu. Sitaki kulisema. Lakini Eno ameanza kung'oa mihogo midogo kabla haijakomaa, anasema hataki kumwachia Sarpong hata mzizi, na mimi siwezi kumtazama.

Kwabena


Cape Coast,
24 Machi 1978

Kwabena,

Usisimame kusema lolote. Nakuja mimi. Andika jina langu katika mashahidi.

Joseph Kwesi Bentsil ni baba yangu mzazi.

Sijakuandikia hilo ili uone haya, ingawa ukiona kidogo haitakudhuru. Nimekuandikia kwa sababu ukiniuliza maswali mahakamani lazima ujue unamwuliza nani, na Pobee naye atalijua tu. Mimi niliona haya zaidi. Niliposoma barua yako ya kwanza sikumfikiria mjane hata kidogo, nilimfikiria Baba. Ya pili imenikuta jikoni. Nilipofika pale Eno anaposema "utaniuliza kama kulikuwa na mwanamume?" nilicheka peke yangu mpaka supu ikaungua, kwa sababu ni Baba yule, ndivyo alivyokuwa akijibu. Mzungu mmoja alimwuliza siku moja, "Dokono ni nini?" akasema, "Ni dokono." Nikaacha supu, nikaenda kwenye makabati.

Nimekaa humo wiki nzima nikisoma kesi zote alizokalimani Baba, zilizochapwa na zisizochapwa. Nimekipata nilichokitafuta. Sikwambii ni nini, kwa sababu huna uwezo wa kuficha furaha usoni na Pobee atakusoma kabla sijafika. Mwambie tu aje na juzuu ya tatu pia.

Nina sharti. Katika toleo jipya neno litabaki "nilimshukuru". Halibadilishwi. Nitaweka tanbihi chini ya ukurasa, kwa jina langu, na mwenye kutaka ataisoma. Mpiga chapa analia kuwa karatasi hakuna na herufi zimekwisha kupangwa. Nimemwambia mistari mitano haiwezi kumfilisi, na akikataa nitaiandika kwa mkono katika kila nakala.

Nitafutie pa kulala pasipo na redio.

Mwalimu wako,
Otuwa


Nkwanta,
31 Machi 1978

Mama,

Ardhi haikupasuka. Niliiomba inimeze.

Nimemwambia Eno Pokuaa nilivyomwita baba yako. Alinipiga kofi la kisogoni, kisha akasema utalala kwake, shambani, na atakupikia abenkwan, supu ya mawese, mwenyewe ili usidhani watu wote wa huku wamelelewa kama mimi. Redio hana.

Kibuyu ni mimi,
Kwabena


Cape Coast,
14 Aprili 1978

Dada Aba,

Najua uliniambia nisikutafute. Sikutafuti, nakuandikia. Ukitaka chana, lakini soma kwanza.

Nilikwenda Nkwanta. Nimempeleka Baba kizimbani kama ulivyonikataza, na nataka usikie kwangu yaliyompata humo, si kwa watu.

Kwabena aliniuliza maswali yake vizuri. Kisha akasimama Ekow Pobee. Kanenepa. Akanyanyua kitabu.

"Mama, kitabu hiki ni chako?"

"Nimekihariri mimi. Hicho ulichoshika ni cha maktaba ya shule, naona mhuri. Ulikiazima lini?"

Mahakama ikacheka. Jaji akagonga meza, lakini si kwa nguvu. Pobee akatoka jasho, akaendelea. Akasema, humu mwanamke amesema alishukuru, kondoo hayumo, kinywaji hakimo, mimi kondoo nimemtoa wapi? Nikamwambia afungue juzuu ya tatu, kesi ya 1927, mkalimani yule yule, na asome yeye mwenyewe kwa sauti, maana alikuwa msomaji mzuri darasani pindi kinywa kikiwa hakina karanga. Akasoma. Nakunakilia, Dada, uisikie kama tulivyoisikia:

"Shahidi: Mjomba alinipa kiwanja, nikamshukuru. Jaji: Sasa mnagombania nini? Shahidi: Anasema hakushukuriwa, kwa sababu alikufa njiani. Jaji: Nani, mjomba? Shahidi: Mjomba huyu hapa, mheshimiwa. Ni kondoo. Jaji: Kondoo gani? Shahidi: Si nimesema nilimshukuru?"

Pobee alipofika "Kondoo gani?" alinitupia jicho. Alijua. Akamalizia kimya kimya, jaji akamwambia rudia, hakusikia. Akarudia. Watu walijipiga mapaja kwa kicheko, na Eno Pokuaa alisimama pale nyuma akasema kwa sauti, "Haya! Mwulizeni tena kondoo gani!" Akaambiwa akae.

Kisha jaji mwenyewe akaniuliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa tangu Cape Coast. "Mkalimani huyu Bentsil, kwa maoni yako, alikuwa hodari?"

Nikasema, "Alikuwa baba yangu, mheshimiwa, kwa hiyo jibu langu lisiandikwe."

Akasema, "Liandikwe."

Nikasimama pale, Dada, miaka yote hii nimefundisha watoto wa watu namna ya kusimama mahakamani, na mimi nikashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Nikasema alikuwa hodari. Katika kesi zote nilizosoma, mtu akitoa aseda, Baba amesema "alishukuru", na penye kusema asante tu kwa mdomo amesema "alisema asante". Hakuchanganya hata mara moja. Kosa lake lilikuwa moja, alidhani dunia nzima inajua kushukuru ni nini. Wa kumwuliza alikuwa jaji, na jaji wa 1924 hakuuliza. Wa 1927 aliuliza, ndiyo maana tunacheka leo. Lakini Baba naye angeweza kueleza, hakueleza, na mama mmoja akapoteza ardhi. Nikasema na hilo. Nilililia hapo hapo, mbele ya Pobee, ambaye alinipa leso yake, ina chumvi ya karanga.

Hukumu bado. Nililala kwa Eno usiku ule, tukala, akaniuliza Baba alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia. Akasema, "Huyo ni mtu wa kwetu, alizaliwa pwani kwa bahati mbaya tu."

Sura ya nne nimeirudia tangu mwanzo. Kesi ya 1924 imo, na ya kondoo imo. Jina la sura sijalibadilisha. Nadhani sasa ni bora kuliko ile uliyoililia, lakini sitaipeleka kwa mpiga chapa mpaka uisome. Naiambatanisha.

Mdogo wako,
Otuwa


Nkwanta,
12 Mei 1978

Mwalimu, Mama, yote mawili,

Tumeshinda! Shamba ni la Eno Pokuaa, lote, na nyumba, na mihogo iliyosalia.

Jaji amesoma hukumu asubuhi ya leo. Amesema kesi ya 1924 iliamuliwa juu ya neno ambalo jaji wake hakuliuliza, na kumbukumbu za mkalimani yule yule zinaonyesha kwamba mtu akisema mbele ya mahakama "nilimshukuru" kwa ardhi aliyopewa, kondoo yumo ndani ya neno mpaka ithibitishwe hayumo. Ndivyo alivyoandika, Mama, neno kwa neno: kondoo yumo ndani ya neno. Pobee anasema hatakata rufaa. Anasema yuko tayari kupambana na mimi, na hata na jaji, lakini si na wewe na baba yako kwa pamoja. Ameniomba nikuulize kama kitabu cha maktaba kinaweza kurudishwa kwa posta.

Sarpong alitoka wa kwanza, lakini jioni hii ametuma mtu kwa Eno kumwambia kwamba hana kinyongo. Eno amesema kinyongo atakuwa nacho yeye mpaka mavuno, halafu ataona.

Sasa jambo lenyewe. Eno Pokuaa anasema anakuja kukushukuru. Umeelewa. Kondoo amekwisha kununuliwa, yuko nyuma ya ofisi yangu anakula nakala ya hoja zangu. Tutafika Jumamosi ijayo, yeye, wazee wawili wa ukoo wake, mimi na kondoo. Nikamwambia, Eno, Mwalimu hakukupa kitu, alitoa ushahidi tu, na shahidi hapokei. Akasema haji kwako. Anasema aliyemwokoa ni mkalimani, aliyeliacha neno zima bila kulikata mpaka akapatikana mtu wa kulifungua, na nyumba ya Bentsil ndiyo itakayoshukuriwa. Kwa hiyo anauliza: nyumba hiyo mkubwa wake ni nani, na Jumamosi atakuwapo? Maana bila mkubwa wa nyumba kupokea, anasema, itakuwa adabu tu.

Kwabena


Cape Coast,
15 Mei 1978

Dada Aba,

Tumeshinda. Barua ya Kwabena hii hapa ndani, isome mwenyewe, hasa mwisho.

Hujanijibu ile ya Aprili, na sikulaumu. Lakini Jumamosi watu wanakuja kumshukuru Baba, na mkubwa wa nyumba si mimi. Siwezi kupokea. Nikipokea mimi na wewe upo hai, watu wa Nkwanta watasema binti za Bentsil hawajui desturi, na watakuwa na haki. Uliyemfumba macho ni wewe. Njoo umpokelee.

Ukiwa bado na hasira, njoo nayo, nyumba ina nafasi.

Otuwa


SIMU YA MAANDISHI
SEKONDI 18 MEI 1978

SURA YA NNE NIMEISOMA. NALIA TENA. NAKUJA IJUMAA NA GOTI LANGU. KONDOO ASIGUSWE NA MTU KABLA SIJAFIKA. NI WA BABA. ABA